Bustani Ndani ya Tangi la Mafuta

Siku zile, mwishoni mwa miaka ya sabini, watoto wa Nachingwea walikwenda shuleni na jembe begani na ndoo mkononi. Rabia, wa darasa la sita, alipita kila asubuhi kwenye karakana iliyoachwa tangu enzi za mashamba makubwa ya karanga. Mitambo ilikwisha kuondolewa, na reli pia. Yalibaki matangi ya chuma yaliyokatwa juu, yakiliwa na kutu. Baba yake, mzee Swalehe, aliwahi kuendesha trekta pale ujanani. Kila akipita alipunguza mwendo, akasimulia jinsi honi ya treni ilivyowaamsha watu alfajiri.

Mwaka huo Mwalimu Gaudens, aliyehamia kutoka Songea, aliomba eneo lile liwe bustani ya shule. Wanafunzi waligawiwa matangi wawili wawili, wayasugue kisha wayajaze udongo wa kichuguu na samadi.

Rabia alipangwa na Auleria, binti wa nesi. Ndani ya tangi lao, chini kabisa, palikuwa na oili chafu, nene kama uji. Walikwangua mpaka viganja vikatoka malengelenge. Ndipo Auleria aliposema udongo ungefunika yote, na hakuna ambaye angejua. Rabia alisitasita, lakini uchovu ukamshinda. Wakafunika.

Mchicha wao ulistawi kuliko wa wenzao, na mwalimu akawasifu mstarini. Ikaamuliwa kwamba mchicha wao upikwe kwanza, uwe mboga ya ugali wa watoto wa darasa la kwanza.

Siku ya kuvuna, Rabia aling'oa shina moja. Mizizi ilikuwa myeusi, inanuka mafuta. Akageuka kumtafuta mwalimu.

Auleria alimsihi anyamaze. “Tukisema tutaaibika shule nzima,” alinong'ona.

“Mdogo wangu Mwamini yuko darasa la kwanza,” Rabia akajibu. “Nitamtazamaje akila?”

Auleria akalichukua shina lile. Wakaongozana mpaka kwa mwalimu, wakamweleza yote. Mwalimu Gaudens aliagiza mchicha wa tangi lile ung'olewe wote na ufukiwe mbali. Wadogo walikula maharage siku ile. Wenzao wengine waliwacheka, na Rabia alirudi nyumbani ameinamisha kichwa.

Kesho yake alimkuta Auleria ameshafika kwenye tangi lao na kipande cha bati, mchanga na majivu. Waliutoa udongo, wakakwangua na kusugua, mpaka chuma kikang'aa. Waliokuwa wakicheka wakaanza, mmoja mmoja, kuwasaidia kubeba udongo mpya.

Mvua ziliponyesha, karakana yote ilikuwa kijani. Mipapai ilichomoza, chiriku wakajenga viota kwenye kuta zilizobomoka. Mzee Swalehe alikuja akaketi ukingoni mwa tangi, akapapasa majani kwa mkono uliozoea usukani.

“Nilipakumbuka hapa kwa miaka mingi,” alisema taratibu. “Sasa hata macho yangu yamepata pa kutua.”

Mwalimu Gaudens aliwaita wanafunzi, akawaambia, “Uchafu ukifunikwa hauondoki, unatafuta njia ya kutokea. Hawa wenzenu walikosea kuufunika, lakini walisema kweli kabla mtoto hajaumia, kisha wakaifanya kazi upya. Nanyi fanyeni hivyo.”

Mchana ule Mwamini alimaliza mchicha wake, uliovunwa upya kwenye tangi lile lile, akanyoosha sahani kuomba mwingine. Rabia akampakulia.