Sahani Kumi na Mbili za Jiwe

Lori la Bedford liliikata kona ya Birongo kwa magurudumu mawili, au hivyo ndivyo Osman Shariff alivyoapa baadaye. Alikuwa nyuma yake hatua mia, juu ya pikipiki ya BSA, vumbi jekundu limemjaa hadi kwenye meno. Bastola ya Webley kiunoni. Simu ya upepo ilikuwa ikikoroma ndani ya mkoba wa tandiko.

Saa nne asubuhi, Jumatatu, Machi 1955.

"Ng'ombe wako wapi?" Sauti ya Bwana Pell, mkubwa wake Mwingereza, ilitoka juu ya kilima cha Manga, alikoketi na darubini yake na chupa ya chai.

"Wamepita Birongo. Wanakimbilia Ekerenyo." Kwa lugha yao ya siri, ng'ombe ndilo lori.

"Zizini wasifike."

"Hawafiki. Bwana, na ndugu yangu?"

Simu ilikoroma kidogo.

"Ijumaa atakuwa nyumbani. Mimi nikisema, nimesema."

Hilo ndilo lililomtia Osman moto. Si mshahara, wala si bendera. Abdikarim, nduguye mdogo, fundi cherehani wa sokoni Kisii, alichukuliwa dukani akiwa na sindano mdomoni. Sasa alikuwa ametimiza miaka miwili katika kambi ya kizuizini na hajaambiwa kosa. Ofisi ya Pell haikuwa na kibao mlangoni, na haikuandika kitu. Amri zilitoka mdomoni, zikaingia sikioni, basi. Osman aliupenda sana utaratibu huo. Jasusi asiyeandikwa popote, alikuwa akijisifu, nani atamshika?

Taarifa ya siku hiyo ilikuwa fupi. Wachochezi wa Ogembo wanasafirisha risasi ndani ya vyombo vya mawe.

Alizungusha mkono wa mafuta hadi mwisho. BSA ikapiga kelele, ikalipita lori ukingoni mwa shamba la pareto. Akaigeuza katikati ya njia, akachomoa Webley.

Bedford ilisimama, pua yake karibu imguse goti.

"Teremka!"

Dereva alikuwa mzee mwenye vumbi jeupe kwenye nyusi: Ombui, mchongaji wa Ogembo. Kando yake aliteremka mwanamke wa makamo, gauni limenyooka kwa pasi. Huyo Osman alimjua kwa picha. Drusilla Bonareri, mwalimu wa Ekerenyo.

"Hapa hakuna kitu mbaya, bwana," alisema Ombui. "Ni sahani tu. Ya kuwekea matunda."

"Fungua."

Ndani ya makasha, kati ya majani makavu ya migomba, zililala sahani kumi na mbili za jiwe la sabuni. Osman alizigonga moja moja kwa kitako cha bastola. Zote zilikuwa jiwe tupu. Hakuna risasi hata ya dawa.

Akaigeuza ya kwanza.

Chini yake palikuwa na herufi, ndogo na safi.

*Moja. Nchi ni ya watu wake wote, na anayetawala ametumwa nao.*

Akageuza nyingine.

*Mbili. Mtawala naye yuko chini ya sheria hizi.*

"Hii ni nini, Mwalimu?"

"Katiba," alisema Drusilla. "Ya nchi ambayo bado hatujaipata. Tumeiandika miaka mitatu, watu tisa. Karatasi mnazichoma, tukaona tujaribu jiwe."

Osman alicheka. "Mnajisumbua. Waingereza wenyewe hawana katiba iliyoandikwa kitabu kimoja. Bwana mkubwa ameniambia. Na nchi yao inakwenda."

"Wao wanaogopana wao kwa wao. Sisi anatuogopa nani?" Hakupandisha sauti. Labda darasani pia hakupandisha. "Sheria yetu sisi iko mdomoni mwa bwana. Akiamka vizuri, tumepona. Akihamishwa, anaondoka na mdomo wake. Na wewe, mwana wa Shariff, kwa nduguyo umeahidiwa nini?"

Osman aliiendea simu ya upepo.

"Hakuna risasi. Ni maandishi ya sheria. Nipige picha?"

"Usipige. Picha ni ushahidi, na ushahidi unataka kesi. Futa yote. Hao wawili nawatumia gari."

"Kwa kosa gani, bwana?"

"Osman. Futa."

Jiwe la sabuni ni laini, ndiyo maana linachongeka. Ombui alikuwa na patasi na msasa ndani ya lori. Osman alivichukua, akakaa juu ya kasha, akaanza. Moja ikafutika. Mbili, tatu, nne. Mzee alitazama pembeni.

Ya tano ilimshika mkono.

*Tano. Hakuna mtu atakayefungwa bila kuambiwa kosa lake na kufikishwa mbele ya hakimu.*

Aliisoma mara tatu. Alimwona Abdikarim na sindano yake mdomoni. Alitaka kulia, akajichukia kwa kutaka.

"Hiyo usiguse, bwana," Ombui alisema polepole. "Hiyo nilichonga siku tatu. Acha hiyo moja tu."

Lakini sahani haimtoi mtu kambini. Pell ndiye atakayemtoa, na Ijumaa ilikuwa karibu. Osman aliisugua kwa msasa mpaka maneno yakageuka unga juu ya viatu vyake.

Kufikia saa sita zilikuwa sahani za matunda kweli. Gari likaja. Drusilla alipanda mwenyewe bila kusukumwa, kisha akageuka.

"Huyo uliyeahidiwa," alisema, "arudi salama."

Hakuwa anamkejeli.

Njama ilikuwa imezimwa. Osman aliwasha sigara, akapanda BSA, akaondoka bila kutazama nyuma.

Ijumaa, baada ya sala, alibisha kwenye mlango usio na kibao. Nyuma ya meza ya Pell alikuta kijana mgeni, Bwana Marsh, akipanga kalamu.

"Bwana Pell yuko wapi?"

"Amehamishwa. Aliondoka juzi."

"Alisema ndugu yangu anatoka leo. Abdikarim Shariff."

Marsh alifungua mtoto wa meza. Akafungua mwingine. Hakuwa mtu mbaya. Alitafuta kwa adabu kabisa.

"Sioni kitu. Iliandikwa wapi?"

"Alisema."

"Nani alisikia?"

Osman alikumbuka simu ikikoroma barabarani Birongo.

"Mimi."

"Na wewe ni nani?"

Marsh alikuwa anauliza kweli. Hapakuwa na jina lake mahali popote ofisini mle.

Osman alivaa kofia yake, akaaga, akatoka. Waliomwona akishuka barabara ya soko walisema yule bwana hana wasiwasi hata kidogo.

Nyumbani, Batuli, mke wa Abdikarim, alikuwa amepiga pasi kanzu ya mumewe na kuitundika mlangoni.

"Anafika saa ngapi, shemeji?"

"Iondoe."

"Wamesema kosa lake?"

"Hawajasema."

Batuli alikaa chini, kanzu mapajani. "Mtu anafungwa miaka miwili haambiwi kosa. Hiyo ni sheria gani?"

Osman alitazama kucha zake. Udhu wa siku nne haukuwa umelitoa vumbi la jiwe.

"Sheria ilikuwepo," alisema. "Ilikuwa ya tano. Niliifuta mimi."