Gideon Aliitika

Jambo hili lilimpata mtoto wa dada yangu, na mimi nilikuwepo. Atakayesema nimetunga, aje Katubuka tuonane uso kwa uso.

Ulikuwa mwaka ule vita ya Zaire ilipowavusha watu ziwa, mpaka fukwe za Kigoma zikakosa pa kukanyaga. Mimi nilikuwa fundi wa maboti Kibirizi. Jumamosi hiyo nilifunga migebuka ya kukaanga, nikaenda kumtembelea Gideon kwenye shule ya bweni ya kijeshi, nje ya mji, kando kabisa ya maji. Dada yangu Devota alimpeleka pale kwa fahari. Mjane, mtoto mmoja, na mtoto mwenyewe amevaa magwanda!

Sheria ya kwanza pale: ukisikia jina lako, unaitika "Afande!" na kukimbilia sauti ilikotoka. Hujiulizi nani anaita. Ukichelewa, unaruka kichurachura mpaka utapike.

"Mjomba, mimi hata usingizini naitika," Gideon aliniambia, anachambua samaki.

"Hata ukiitwa na mbuzi?"

"Mbuzi akiwa na cheo, naitika."

Tukacheka. Jua lilikuwa la utosini. Wenzake walikuwa wanafua magwanda ufukweni, naye akaenda kusuuza ya kwake.

Ng'ambo ya miamba, wakimbizi walikuwa wakisubiri malori ya kuwapeleka kambini. Boti yao moja ilikuwa imepinduka wiki hiyo. Mama mmoja wao, Agnesi, mtoto wake mdogo hakuonekana. Alikuwa amesimama majini, anafanya kinachofanywa mwambao huu: aliyezama huitwa jina na mama yake, ili ziwa limwachie. Sisi tuliozaliwa hapa tunajua. Mama akiita hivyo, hata kama jina ni lako, unafunga mdomo. Saa ile jina si lako.

"Gideon!" yule mama aliita.

"Afande!"

Mtoto wetu huyo. Kifua mbele, na tayari anakimbia kuingia ziwani.

Nilimdaka mkanda maji yakiwa kiunoni. Nikamkaripia, karibu nimzabe kibao. Akageuka, akafungua mdomo kunijibu.

Hakuna kitu. Ulimi unacheza, koo linapanda na kushuka. Sauti haipo.

Mwalimu wao wa kwata, Afande Leonardi, alikuja mbio amevimba. "Nani kakuruhusu kuogelea, kuruta? Gideon!"

Mtoto akakakamaa, akafungua mdomo.

"Afande!"

Sauti ilikuwa yake. Ilitoka ziwani, mbali, mahali pasipo mtumbwi wala kichwa cha mtu.

"Usimwite tena, wewe!" nilipiga kelele. Leonardi alikwisha kuita.

"Afande!" Safari hii, mbali zaidi.

Vijana waliyaacha magwanda yanaelea.

Nilimkokota Gideon mpaka kwa Agnesi. Mimi sizunguki maneno. "Mama, huyu ni mtoto wa watu. Kaitika kwa kukosea, ndivyo walivyomfundisha. Sema si yeye uliyemwita."

Alimfuta Gideon maji usoni kwa ncha ya kitenge, taratibu, kama anamfuta mtoto mchanga.

"Mutoto yangu ameitika, baba. Sasa unataka nimufukuze?"

"Mtoto wako amekufa!"

Hakukasirika.

"Mupeleke tu nyumbani apumuzike," alininong'oneza. "Nitamufuata."

Nilimpeleka kwa mama yake, Katubuka. Tulihangaika. Mchungaji aliomba mpaka akakauka sauti. Mganga wa Ujiji alimnusa Gideon utosini, akafunga mkoba wake, akaondoka bila kuaga. Tulikubaliana asiitwe jina. Mama mzazi akawa anamwita mwanawe "wewe."

Haikusaidia. Kijana aliyekwishaanza kuota ndevu, akaanza kunyonya kidole. Akasahau kushika kijiko. Akawa analala amejikunja. Jambo moja tu hakukubali, kuvuliwa buti zake za shule.

Halafu ikaja adhuhuri ile. Devota alikuwa anapiga deki sebuleni. Mlangoni, hodi.

Agnesi. Hakuna aliyekuwa amemwelekeza njia.

Nilichukua nyundo. "Ukilitaja hilo jina, nakuvunja mdomo."

"Gideon," aliita. Kwa upole.

Mkono wangu haukunyanyuka. Niliutaka unyanyuke. Haukunyanyuka.

Chumbani, sauti ikajibu: "Mama!"

Devota alitupa ndoo. "Amesema! Kaka, mwanangu amesema!" Alikuwa anacheka. Kisha akaacha kucheka.

Ilikuwa sauti ya mtoto anayejifunza kuongea.

Gideon akatoka. Alipita katikati ya mikono ya mama yake kama anapita mlangoni, akashika kitenge cha Agnesi.

"Baba, ni mimi," Devota alimwambia. "Mimi ndiye mama yako."

Akamtazama. Akaona haya, akaficha uso kwa Agnesi.

Nikamkamata mkono. Akalia. Kilio cha kitoto kabisa, majirani wakatoka. Mama Yasmini, aliyempokea Gideon siku anazaliwa, alikuwa wa kwanza kunifokea: "Fundi, una wazimu? Unamvuta nini mtoto mdogo hivyo? Mwachie mama yake!"

Nikawatazama mmoja mmoja. Wote walikuwa wananiangalia mimi.

Nikaachia. Wakaondoka, yeye na Agnesi.

Kambini tulikwenda, tukaulizia, tukafukuzwa. Shuleni walituambia kuruta wao katoroka.

Devota hakupiga deki tena. Sakafu ilikuwa bado imelowa siku ile, na Gideon alipita na buti. Lakini nyayo alizoacha zilikuwa za miguu mitupu, ndogo, hazijazi kiganja changu. Zote zilikauka isipokuwa mmoja, karibu na kizingiti. Devota aliufunika kwa sufuria usikanyagwe.

Juzi nilikwenda kumwamkia. Nikaufunua. Bado una maji, na sufuria si ile ya kwanza.

"Ile haiutoshi tena," Devota alisema.