Lifti ya Saa Nne

Lifti ilikwama na watu kumi na mmoja, na fundi alipoufungua mlango wote walimpita mbio, isipokuwa dada mmoja mwenye koti jeupe na raba za kijani.

"Kimeharibika nini?" aliuliza.

"Wenzako wangesema asante kwanza."

"Asante. Kimeharibika nini?"

Fundi akawa amekwisha kwa mapenzi! Tangu hapo, kila siku saa nne kamili alipanda lifti hadi maabara ya dada yule, mtafiti wa fizikia, ghorofa ya saba, chai mkononi.

"Atomu zangu nimezipoza kupita kiasi," alimweleza, "nikazipanga kwenye mwanga wa leza kama mayai kwenye trei. Kila asubuhi naongeza nguvu ya sumaku kidogo kidogo. Ikifika kipimo fulani zinagongana na kupotea. Nakiwinda hicho kipimo."

"Ukikipata?"

"Nitapata shahada yangu ya uzamivu. Utaoa daktari, si mwanafunzi."

Baada ya miezi mitatu mtafiti akakipata. Atomu zilipotea kwenye kipimo kilekile, siku baada ya siku. Fundi alishangilia kuliko mwenyewe. Kisha asubuhi moja simu yake ikalia.

"Mpenzi, usije tena mpaka nikuite."

"Nimekosa nini?"

"Siwezi kukuambia. Ukijua, utaharibu."

Simu ikakatika. Fundi akaanza kuwaza. Ameshakuwa daktari, fundi wa nini tena? Au ni yule mwenzake wa maabara anayeshughulikia leza, mrefu, anayenukia manukato? Alikwenda kufanya kazi jengo la pili, akafunga nyaya kinyumenyume, akazifungua. Aliumia, na hakujua aumie kwa lipi.

Siku ya nane akapigiwa. Mtafiti alikuwa analia na kucheka kwa pamoja.

"Atomu hazipotei tena! Ni lifti yako, mpenzi. Chuma chake kikipita karibu na ukuta wetu kinavuruga sumaku, na kila saa nne ndipo tunafika kipimo kile. Ningekwambia, ungeanza kuitengeneza lifti ili unisaidie, nisingejua ukweli."

"Kwa hiyo hujapata kitu?"

"Sijapata. Miezi mitatu nimekuwa nakupima wewe."

Fundi hakujua aombe radhi au afurahi.

"Nilidhani umeniacha."

"Nikuache? Naanza upya, na siwezi kuanza bila wewe. Njoo."

"Saa nne hii hii?"

"Hii hii. Ila panda ngazi."

Fundi wa lifti alipanda ngazi ghorofa saba. Alipofika alikuwa anahema tu, na mtafiti akamwambia, "Ndiyo, nitaolewa nawe," kabla hajaulizwa.