Gari la Kispoti na Barafu ya Ganshoren

Asubuhi hiyo ya Januari, Maman Antoinette alipika chai kwa hasira. Vikombe aliviweka mezani kwa kishindo. Mkate aliukata utadhani umemkosea. Mume wake, Papa Nday, alikaa karibu na redio akijifanya hasikii kitu.

Nje theluji ilikuwa inaanguka tangu jana yake. Mtaa wao wa Ganshoren ulikuwa mweupe kote, na magari yalipita polepole sana. Binti yao Carine alikuwa mlangoni anafunga viatu vya kazi. Ana miaka ishirini na miwili, na ni muuguzi mpya katika hospitali ya Woluwe, upande wa pili wa Brussels.

"Leo achukue metro," alisema Antoinette.

"Metro?" Nday aliuliza. "Mutoto yangu eko na gari, alafu apande metro? Gari yenyewe baliiombea mbele ya kanisa muzima."

"Bon, baliiombea. Mungu hakusema tuache akili nyumbani."

Gari hilo ndilo lililokuwa linamnyima Antoinette usingizi. Carine alipopata leseni na kazi ndani ya mwaka mmoja, ukoo wote ulifurahi. Tonton Kabeya, mdogo wake Antoinette, hununua magari yaliyotumika na kuyapeleka Afrika kwa meli. Alitoa moja kabla halijapakiwa, akampa Carine kama pongezi. Lilikuwa jekundu, la kispoti, milango miwili, chini kabisa, na matairi mapana. Jumapili lilipoombewa kanisani, wanawake walipiga vigelegele, mchungaji aliweka mkono juu ya boneti, na Papa Nday alisimama pembeni amevaa suti nyeupe, kifua mbele. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwambia kitu akasikia.

Carine aliondoka na gari lake. Chai haikuwa hata imepoa mezani, mlango ukagongwa. Alikuwa Carine, kwa miguu, theluji hadi magotini.

"Mama, haikusimama," alisema. "Nilikuwa natelemka polepole. Feu ya barabarani ikakuwa nyekundu. Nikakanyaga frein isimame, gari ikaendelea tu. Alafu nyuma ikageuka, ikataka kupita mbele."

"Umegonga nani?"

"Kulikuwa bibi mumoja kwenye kituo ya basi, na fimbo yake. Gari ilipanda pale alikuwa. Ilipiga pipa ya takataka, ikasimama. Bibi alianguka chini kwa woga. Hakuumia, mama. Lakini alikuwa karibu hivi." Alionyesha urefu wa mkono wake, akaanza kulia.

Antoinette alimshika kichwa, mabega, mikono, akitafuta penye damu. Hakukuta kitu.

Papa Nday alizima redio. "Nilijua," alisema. "Ni Maman Myriam wa kanisani. Tangu ile dimanche ya maombi anaangalia gari yetu na macho mubaya. Tutafanya maombi leo, na kesho mutoto ataenda kazi na gari yake. Tukiiacha, bantu batacheka."

Hapo Antoinette alichemka.

"Myriam alikuwa mu gari? Ni Myriam alikanyaga frein? Mutoto karibu akufe, na weye unatafuta mulozi wa kumuloga?" Alichukua ufunguo mkononi mwa Carine, akauingiza kifuani, ndani ya nguo. "Kama unautaka, anza na mimi."

"Unanikosea heshima mbele ya mutoto."

"Heshima ninayo. Mutoto pia niko naye mumoja tu."

Nday alisimama, mishipa ya shingo imemtoka. Carine alifuta machozi. "Labda ni kosa yangu," alisema. "Labda sijue kuendesha." Maneno hayo yalimuuma Antoinette kuliko yote. Hakubishana tena. Alivaa koti, akapanda ngazi hadi ghorofa ya tatu ya jengo lao.

Huko anakaa Mauwa, mwanamke wa Bukavu. Kazi yake ni mwalimu wa udereva, na ameifanya Brussels kwa miaka mingi. Ni mtu asiyezunguka maneno. Alisikiliza, akavaa buti zake, akasema, "Twende tuione ile gari. Papa Nday naye akuje."

Walilikuta gari kando ya kituo cha basi, bampa imekunjika. Mauwa hakuiangalia bampa. Aliinama kwenye tairi.

"Papa Nday, uingize kidole yako hapa, mu mifereji."

Nday aliinama bila kupenda. "Nimeingiza."

"Ni mirefu kwenda chini?"

"Ni mifupi."

"Ni mifupi sana. Na hii ni tairi ya wakati wa joto. Ni pana, na barabara ikiwa kavu inashika muzuri. Baridi ikikuja, mupira wake unakuwa mugumu. Juu ya neige, hii theluji, haishike tena, inaelea. Usidanganyike na upana."

Kisha akalizunguka gari. "Hii inasukumwa na magurudumu ya nyuma. Moteur, injini yake, iko mbele, na iko na nguvu mingi. Nyuma ni nyepesi. Ukikanyaga mafuta kidogo tu, nyuma inakimbia. Muntu ameendesha miaka mingi anaisikia kabla haijaanza, anarudisha muguu pole. Carine hii ni baridi yake ya kwanza. Atasikia wapi? Carine, haikuwa kosa yako."

Carine alishusha pumzi.

"Donc, basi ni gari mubaya," alisema Antoinette.

"Hapana. Mu joto ya mwezi wa saba iko sawa, kama mutoto hana haraka. Hata leo, muntu aliyezoea, na matairi ya baridi, anaweza kuenda nayo polepole. Kwa kijana aliyepata leseni juzi, hapana." Mauwa alimgeukia Nday. "Gari kama hii mara mingi inauzwa na matairi ya baridi pembeni. Hawakuwapa?"

Papa Nday alitazama theluji. Carine ndiye aliyejibu.

"Yalikuwa mane, mu coffre, kule nyuma ya gari. Papa aliyatuma Lubumbashi na tonton Kabeya, mu conteneur."

Basi lilipita, likawarushia matope ya theluji.

"Yalikuwa na meno makubwa," Nday alisema mwishowe. "Nikasema yatasaidia kaka yangu mu matope. Hapa ni lami kila mahali. Nani anaweka tairi ya meno juu ya lami?"

"Papa, kule joto itayamaliza mbio," alisema Mauwa. "Mupira wake ni laini, ni wa baridi tu. Kaka yako hatafaidika nayo, na mutoto wako ameyakosa."

Antoinette alisikia damu inampanda hadi masikioni. Alikuwa hajui habari ya matairi yale. Sasa alijua.

"Nday, unisikilize. Tangu tulifika huku, kila kitu kizuri kinaenda kule, sisi tunabaki na mabaki. Sijawahi kukataa. Nguo nilifunga mwenyewe. Sufuria nilifunga. Mashini yangu ya kushona ilienda, nikanyamaza. Lakini ulifungua coffre ya mutoto, ukatoa kile kitu kingemulinda, ukakituma mu conteneur bila kuuliza muntu. Alafu unakuja kuniambia habari ya Myriam. Mulozi ni weye."

Ni maneno mazito hayo kwa mwanamume wa Katanga, tena barabarani, mbele ya jirani. Nday alibadilika uso.

"Mimi nimeendesha tangu Carine hajazaliwa," alisema. "Niliendesha camion za mine, malori ya migodini, mu mvua, mu milima. Unipe huo ufunguo. Nitawaonyesha kama gari inashinda muntu anayejua kazi."

"Siupeani."

"Umupe, dada," Mauwa alisema kwa utulivu. "Lakini hapa hapana. Kuna parking nyuma ya salle, ule ukumbi wa michezo. Leo iko tupu."

Antoinette alitoa ufunguo, na Mauwa mwenyewe ndiye aliyelipeleka gari hadi huko, kwa mwendo wa mtu anayetembea. Antoinette na Carine walisimama kando, mikono makwapani. Nday akakaa kwenye usukani, na Mauwa akabaki kiti cha pembeni.

Alianza vizuri. Alikwenda mbele taratibu, akageuka kushoto, akaongeza mafuta kidogo. Mara nyuma ya gari ikachomoka. Gari zima lilizunguka, likaishia kutazama lilikotoka. Nday aliwasha tena gari. Safari hii alikwenda moja kwa moja na kufunga breki kwa nguvu, kama alivyozoea. Magurudumu yalikwama, hayakuzunguka, lakini gari liliendelea kuteleza kama sabuni, likapita pale alipotaka kusimama, likaingia kwenye rundo la theluji.

Papa Nday alikaa ndani bila kusogea. Alipotoka, alishikilia mlango. Siku nyingine Antoinette angecheka hadi adondoke. Siku hiyo hakuweza. Alikuwa anamwona Carine ndani ya lile gari, na yule bibi na fimbo yake.

"Bon," Nday alisema kwa sauti ndogo. "Nimeona."

"Umeona nini?" Antoinette hakumwachia.

"Nimeona hainisikie. Mimi mwenyewe."

Jioni hiyo Antoinette alimpigia simu Tonton Kabeya, na msomaji, sitakueleza yote aliyoambiwa mdogo mtu huyo. Kabeya alikuja mwenyewe na gari dogo, jeupe, la zamani, sura yake haina mvuto wowote. Lakini magurudumu ya mbele ndiyo yanayolivuta, moteur yake haina kiburi, na Mauwa alisimamia hadi likafungwa matairi ya baridi, yote manne. Kabeya alitaka kufunga mawili tu, ya mbele. "Alafu nyuma iteleze tena?" Mauwa alimuuliza. Akafunga manne. Gari jekundu lilirudi kwake, liende linakokwenda.

Mauwa alimfundisha Carine kwenye ile parking. Alimwambia aondoke kwa gia ya pili kama magurudumu yanateleza, asiguse chochote kwa ghafla, na aachie nafasi kubwa mbele yake, kwa sababu juu ya theluji gari linasimama mbali sana. Nyuma ikianza kukimbia, atoe mguu kwenye mafuta, aangalie anakotaka kwenda, na usukani uelekee huko huko. Asubuhi asafishe vioo vyote, siyo tundu dogo la kuchungulia. "Na siku ya verglas," Mauwa alimalizia, "mvua inapoanguka na kuganda kuwa barafu palepale, hakuna tairi, hakuna ufundi. Siku hiyo ni metro."

Kanisani watu waliuliza. "Papa Nday, ile nyekundu iko wapi?" Jumapili ya kwanza alijibu kwamba iko kwa fundi. Antoinette alimtolea macho. Jumapili iliyofuata alisema ukweli, matairi na yote, na Maman Myriam alikuwa hapo anasikiliza.

Theluji iliendelea wiki hizo zote. Kile kigari cheupe kilipanda mlima wa mtaa wao taratibu, magari makubwa yakiwa yamekwama pembeni. Carine hakuchelewa kazini. Kisha ikaja asubuhi ya verglas. Barabara iling'aa kama kioo. Carine aliangalia dirishani, akachukua skafu, akaenda na metro. Papa Nday alimfungulia mlango.

Alasiri Carine alirudi. Hakuvua koti. Alikaa mezani, wazazi wake wakimtazama.

"Leo balituletea kijana mumoja," alisema. "Miaka yake kama yangu. Aliteleza, akagonga nguzo. Gari ya kispoti, matairi mapana, mupya kabisa. Hatujue kama ataamuka."

Antoinette aliweka mkono mdomoni.

"Papa yake alikuwa mu couloir, pale nje ya chumba. Nilimupelekea maji, akakataa. Alikuwa anarudilia neno moja tu: ni mimi nilimununulia, ni mimi nilimununulia."

Papa Nday aliinuka. Alienda nyuma ya kiti cha binti yake, akamvua koti polepole, mkono mmoja, kisha mwingine, kama alivyokuwa akimvua alipokuwa mdogo. Halafu akaenda jikoni, akapakua ugali, akamletea, akakaa kando yake kumwangalia anavyokula.

Antoinette alikuwa bado na hasira. Alivuta kiti, akakaa nao.