Springi za Kochi la Mwalimu

Kristian alilala kifudifudi katikati ya karakana yake ya makochi pale Soni, damu imemkauka kisogoni. Nyundo ilikuwa imetupwa chini ya meza. Kando yake, kochi la watu watatu lilikuwa limepinduliwa, kitambaa cha chini kimechanwa.

Inspekta Evodia alivaa glavu, akachungulia ndani ya kochi lile, kisha akamwagiza Konstebo Martin afunge mlango, asiingie mtu.

Nje alimkuta Klara, mjane wa marehemu. Ndiye aliyeuona mwili asubuhi.

"Pole sana, mama. Marehemu alitumia springi za namna gani?"

"Za mviringo. Anazifunga moja moja kwa kamba ya katani, ukikalia hii, za jirani zinasaidia kubeba. Makochi yake ya miaka kumi bado yako imara."

"Hili lina springi nne tu za zigizaga, na sponji chakavu."

"Basi si la mume wangu."

"Lina mhuri wake."

Mguuni mwa kochi palikuwa pamebandikwa karatasi yenye namba ya Mwalimu Angel wa Mombo. Evodia alimpigia.

"Nililirudisha jana saa kumi jioni," alisema mwalimu. "Miezi mitatu tu, limebonyea katikati! Kristian alilichana mbele yangu. Alitazama, akasema atamwita aliyelitengeneza."

"Nani alikutengenezea?"

"Mika, mwenzake."

Mika alifika akilia. Kristian alimfundisha kazi, kisha akamfanya mshirika. Evodia alimwonea huruma.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Mara ya mwisho uliingia karakanani lini?"

"Jana saa sita mchana. Nikashuka Mombo, ndiyo narudi."

"Unamshuku nani?"

"Wezi tu, afande. Hadi kochi la mwalimu wamelichana!"

Evodia aliacha kuandika.

"Kochi hilo lililetwa saa kumi. Mlango umefungwa. Umeliona wapi?"

"Nimeambiwa... na shemeji."

"Mimi?" Klara aliuliza. "Sijasema na wewe tangu juzi."

"Nyundo inakwenda kupimwa alama za vidole," alisema Evodia. "Si lazima useme neno. Ukisema, nitaandika."

Mika alikaa chini palepale.

"Kila mteja alitaka kochi la Kristian. Nikagonga mhuri wake kwenye makochi mabovu, jina lake liharibike, waje kwangu. Nimeshapata chumba cha karakana yangu Mombo."

"Jana alikuita. Alikutishia polisi?"

"Hapana. Alisema atapita kwa wateja wote, awaambie kosa ni lake, maana mimi ni mwanafunzi wake. Miaka kumi na miwili, afande, bado mwanafunzi! Alipoinama, nikampiga."

Klara alisimama mbele yake. Hakupaza sauti.

"Binti yetu tulimpa jina la mama yako, Mika. Leo akitoka shule nimwite nani?"

Mika alinyoosha mikono kwa Martin, afungwe pingu.