Waya Niliouficha Mferejini

Nina miaka hamsini na mbili, nina watoto watatu, na mke sina tena. Naishi Suji, huku juu milimani Same, na kazi yangu ni ufundi wa magari. Ndugu wasomaji, mkimaliza kusoma mkataka kunitukana, nitukaneni. Nimezoea.

Watu wa kwetu wananijua kwa mdomo. Nikisema gari litawaka kesho, litawaka! Ndiyo maana nilipomaliza kujenga gereji yangu, hatua kama sitini kutoka nyumbani, sikuweza kunyamaza. Sabato moja, watu wakiagana nje ya kanisa, nikatangaza kwamba Jumapili ya wiki ya pili naifungua rasmi. Waje waone mashine yangu ya kuchomelea ikitoa cheche!

Umeme ulitakiwa utoke nyumbani mpaka gereji. Kazi hiyo nilimpa shemeji yangu Eliakimu, mdogo wake mke wangu Namsifu. Ni kijana mpole, haongei sana, lakini umeme anaujua. Alifunga kiboksi cha breka za umeme kwenye ukuta wa gereji, kisha akanitoa nje kunionyesha ardhi.

Akaniambia ninunue kebo ya ardhini, ile yenye gamba la chuma. Iwe nene, kwa sababu umbali ni mrefu na mashine ya kuchomelea inakula umeme mwingi, na iwe na waya wa ethi ndani yake, ule wa kuupeleka umeme ardhini ukivuja. Tuchimbe mtaro wa kufika magotini, tutandike mchanga, tuilaze, ndipo tufukie. Yeye alikuwa anakwenda Ndungu kufunga umeme kwenye mashine ya kukoboa mpunga, angerudi baada ya wiki mbili.

"Shemeji, hii kazi si ya kulipua," akasema. "Usiwashe kitu mpaka nirudi."

Wiki mbili! Na mimi nimeshatangaza!

Nilishuka Same mjini kuitafuta kebo. Mwenye duka akaniambia imeisha, mzigo unakuja wiki inayofuata, nivumilie. Nilipanda mlima nimenuna. Kumbe nyumbani nilikuwa na vipande viwili vya waya mweupe wa ndani ya nyumba, vilivyobaki tulipovuta umeme. Mwembamba, wa kuwashia taa, hauna hata ethi. Nikavisokota nikaviunga, nikazungushia tepu. Ni wa muda tu, nikajiambia... wa muda tu!

Na mtaro je? Ardhi yetu ni mawe matupu. Nilipiga sururu nusu siku nikapata kishimo cha kuzikia paka. Ilikuwa Ijumaa, jua linakwenda kuzama, na likishazama kwetu ni Sabato, hakuna kushika sururu. Ndipo macho yangu yakaangukia mfereji.

Sisi Wapare tunamwagilia kwa mifereji. Maji yanakusanywa kwenye ndiva, bwawa walilotuachia mababu, halafu linafunguliwa na kila nyumba inapata zamu yake. Msimu ule ukuta wa ndiva ulikuwa umebomoka, na kijiji kizima tulikuwa kwenye msaragambo, kila nyumba inatoa mtu wa kwenda kuujenga. Kwa hiyo mifereji yote ilikuwa mikavu. Tawi letu linapita nyuma ya nyumba mpaka ubavuni mwa gereji. Limeshachimbwa tayari! Nikaulaza waya mle ndani, nikafukia kwa udongo, nikapanga mawe juu, kisha nikaunga ncha moja nyumbani na nyingine kwenye kiboksi cha Eliakimu. Jua linazama, mimi nanawa mikono.

Namsifu akaniuliza kama ile ndiyo kebo aliyoisema mdogo wake. Nikamjibu ndiyo yenyewe.

Jumapili watu walijaa. Mashine ikatoa cheche, wakapiga makofi, mchungaji akaomba. Mtu mmoja akauliza fundi ni nani, nami kwa mbwembwe nikajibu, "Hii yote kazi ya shemeji yangu Eliakimu!" Jamani, mdomo huu!

Tangu siku ile sikupata raha. Kila wiki tulikwenda msaragambo, na kila wiki ukuta wa ndiva ulipanda. Wenzangu walikuwa wanaimba. Mimi nilibeba mawe shingo upande, maana kila jiwe nililopanga lilikuwa linayaleta maji kwenye waya wangu.

Nitautoa wiki ijayo, nikasema. Wiki ijayo ikafika, nikasema tena. Mwenye duka alinipigia mara mbili kwamba kebo imefika, nikamjibu nakuja. Kazi ya Ndungu nayo ikarefuka. Eliakimu akapiga simu kuulizia, nikamdanganya kwamba sijawasha kitu, namsubiri yeye.

Mchana mmoja kulinyesha manyunyu. Beberu wetu akakanyaga pale mferejini, akaruka juu na kulia vibaya sana. Hakurudi kupita pale hata kwa fimbo. Siku hiyo hiyo Namsifu alipita peku akitoka kuchuma mboga, akaja ananiangalia.

"Baba Neema, pale pana nini? Miguu imenichonyota."

"Siafu," nikamwambia.

Siafu! Akaitazama miguu yake, hakuona hata siafu mmoja. Hakuuliza tena. Usiku nililala macho wazi, na asubuhi nikaenda zangu kazini.

Ndiva ikakamilika. Zamu yetu ikapangwa Alhamisi, nami nikaapa kwamba Jumatano nafukua waya, liwalo na liwe. Jumanne nikashuka Same kutafuta gia boksi ya gari la mteja. Niko dukani, simu ikaita. Ni Namsifu.

"Baba Neema, jirani amefiwa na kaka yake huko Kwakoa, wametuachia zamu yao. Maji yanashuka sasa hivi. Nachukua jembe."

Sentensi moja tu ilitakiwa: zima umeme kwenye meni swichi! Lakini nikisema hivyo ataniuliza kwa nini. Nikimjibu, atajua nilimdanganya. Eliakimu atajua, kanisa zima litajua... Mimi, fundi mwenye jina langu! Nikamwambia tu angoje nirudi. Akauliza kuna nini. Nikasema angoje tu. Akacheka.

"Maji hayana breki kama magari yako! Mahindi yanakauka, bwana."

Nikasema, "Haya."

Ndugu zangu, nilisema haya! Simu ikakatika. Nikajidanganya kwamba nikishalipia gia boksi nitampigia tena. Nikalipa. Nikapiga, ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena. Na tena. Na tena!

Nilipanda mlima na bodaboda huku nikimpigia kelele dereva aongeze mwendo. Kwenye kona ya mwisho nilisikia vilio. Majirani walimkuta amelala mferejini, maji yanampita juu ya mikono. Wawili wa kwanza waliokimbia kumnyanyua walirushwa, mpaka mtu mmoja akapata akili ya kuingia ndani kuzima umeme. Namsifu wangu alikuwa ameshakata roho.

Wakafukua, wakautoa waya mweupe, na ile tepu yangu imevimba kwa maji. Hapo yakaanza maneno. Kebo gani hii? Fundi nani? Wakakumbuka nilivyojibu siku ya kufungua gereji. Eliakimu amekula hela ya kebo, wakasema. Eliakimu amemuua dada yake!

Niliyasikia kwa masikio yangu, nikanyamaza.

Eliakimu alipofika kutoka Ndungu aliapa kwamba waya ule haujui. Hakuna aliyemsikiliza. Akanitazama mimi. Nikainamisha kichwa, watu wakadhani ni majonzi. Siku ya mazishi, mama yake mzazi alimzuia asitupie udongo kaburini. Alisimama kule nyuma, kwenye migomba, peke yake. Baada ya hapo hakuna aliyempa kazi, si Suji wala Same mjini.

Miezi saba nilikaa na siri hiyo. Nilikuwa nakula, jamani, na kulala!

Kisha asubuhi moja nikasikia sururu nje. Nikatoka. Alikuwa Eliakimu, amekonda, anachimba mtaro kutoka nyumbani kuelekea gereji, mbali kabisa na mfereji. Pembeni ameweka kebo nene, yenye gamba la chuma.

"Shikamoo shemeji," akanisalimia bila kuacha kuchimba. "Watoto wa dada wanalala hapa. Siwezi kuacha hivi, mtu akaja kuvuta waya mwingine kama ule."

Nilikaa chini kwenye udongo, nikalia kwa sauti. Kisha nikamwambia yote, mpaka ile simu. Alinisikiliza, akaweka sururu chini, akasema kwa sauti ndogo twende kwa mama.

Nilisema tena mbele ya mama mkwe na wazee wa ukoo wao. Nilipomaliza, mama mkwe akauliza swali moja tu.

"Alipokupigia simu, ulikuwa unajua kilichomo mle mferejini?"

"Nilikuwa najua, mama."

Akainuka polepole. Nilidhani anakuja kunipiga, na ningefurahi. Akanipita. Akaenda kwa Eliakimu, akapiga magoti mbele ya mtoto wake wa kumzaa. "Nilikufukuza kwenye kaburi la dada yako," akasema. Mimi hajanisemesha mpaka leo.

Wasomaji wenzangu, nawaomba. Fundi akikwambia kebo fulani, nunua hiyo, na kama haipo, subiri. Na wewe ambaye tayari umeshafukia kitu na unajua kuna mtu atapita juu yake, usingoje wiki ijayo kama mimi. Aibu utaipata, ndiyo, watakucheka. Waache wacheke! Mpigie mkeo sasa hivi, mwambie azime umeme, mwambie na sababu. Mimi simu nilikuwa nayo mkononi, na mke wangu alikuwa hai, ananisikia.