Nyongo Yangu Haikuwa na Kosa

Kiti changu cha kazini ni cha chuma. Mume wangu ni mchomeaji vyuma. Alikitengeneza mwenyewe baada ya viti vitatu vya mbao kuvunjika chini yangu. Kila kiti kilipovunjika, wenzangu walicheka mpaka wakatokwa machozi. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kama nimeumia.

Mimi ni fundi cherehani. Nashona sare za wanafunzi na za wauguzi. Chumba chetu cha kazi kina cherehani nne, meza ya kukatia, na ngazi tatu za kupanda mlangoni. Wenzangu walijua jina langu, lakini hawakulitumia. Waliniita Bonge. Wateja nao wakajifunza. "Bonge yupo?" waliuliza. Nami niliitikia. Hilo bado linaniuma, kwamba niliitikia.

Nilikuwa na kisukari. Nilikuwa na shinikizo la damu. Magoti yaliuma kila nilipopanda zile ngazi tatu. Msidhani nilikaa tu nikila. Nilijinyima. Nilitembea kila asubuhi. Nilipungua kilo kumi, zikarudi kumi na tano. Watu wakasema, "Anakula kwa kujificha." Wangekuja wahesabu matonge yangu!

Daktari peke yake hakunicheka. Alinifuatilia kwa miezi. Alipima moyo, damu na sukari. Mwisho akaniambia kwamba kuna upasuaji wa kupunguza tumbo la chakula.

"Yaani mnapunguza tumbo kama mimi ninavyopunguza gauni?" nikamuuliza.

Akacheka kidogo. "Karibu hivyo. Ila gauni ukikosea unafumua. Tumbo halifumuliwi. Tunatoa kama robo tatu yake. Kinabaki kifuko chembamba, kama ndizi. Huu si urembo, mama. Na si wa kila mtu. Kwako wewe, kisukari kinatutia hofu."

"Nikitoka hapo nimepona?"

"Ukitoka hapo kazi yako ndiyo inaanza."

Nilirudi nyumbani nikamweleza mume wangu. Alikubali. Kisha akajikuna kichwa.

"Tutawaambia nini kwetu?"

"Tutawaambia ukweli."

"Dada yangu akijua, mtaa mzima utajua kabla ya jua kuzama. Watasema umekwenda kukatwa uroho. Tuseme ni nyongo. Umetolewa vijiwe vya nyongo."

Nikakubali. Nimesema nina hasira na watu, lakini nina hasira na nafsi yangu pia. Nyongo yangu haikuwa na kosa lolote, tukaisingizia.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Walipitia kwenye matundu madogo matano. Jioni ileile wauguzi walinisimamisha nitembee, ili damu isigande miguuni. Mabega yaliuma, kwa sababu ya hewa waliyoijaza tumboni wakati wa kazi. Nilikunywa maji kwa kikombe kidogo kama cha dawa, funda moja moja. Funda la tatu tu, nimeshiba! Nililia. Sikujua kama ni furaha au woga.

Siku ya kuondoka, mtaalamu wa lishe alinipa karatasi na chupa ya vidonge.

"Wiki mbili za kwanza ni vinywaji tu," alisema. "Halafu vyakula laini vilivyopondwa, vijiko vichache. Vigumu baadaye, tutakwambia lini. Vidonge hivi ni vitamini. Utavimeza kila siku, maisha yako yote. Na ukitapika mara kwa mara, usikae nyumbani. Njoo."

Siku ya kumi, mama mkwe alifika na masufuria mawili. Wifi yangu alimfuata nyuma na kapu.

Mama mkwe wangu ni mtu mwema. Kwake mapenzi yanapimwa kwa mwiko. Na nyumbani kwao kuna sheria moja: sahani hairudi jikoni na chakula.

"Mgonjwa wa nyongo amekauka hivi!" alisema. "Kula, mwanangu. Damu itarudi vipi kwa maji matupu?"

"Nimeshiba, mama."

"Umeshiba nini? Au chakula changu hukitaki?"

Wifi akanitazama, akamtazama kaka yake. "Tangu lini huyu akakataa chakula?" alisema, akacheka.

Nilimtazama mume wangu. Aliangalia sakafu. Basi nikala viazi na nyama, vijiko vinne, haraka, ili wifi anyamaze. Kifua kilibana kama nimemeza jiwe. Nilikwenda bafuni, nikafungua bomba ili wasisikie, nikatapika.

Mama mkwe alikaa wiki tatu. Kila siku nilikula kwa heshima na kutapika kwa siri. Vidonge nilikwenda kuvificha kazini, ndani ya kopo la vifungo, maana wifi husoma kila chupa anayoiona. Kliniki sikwenda. Ningeulizwa, "Nyongo gani hiyo inapimwa kila wiki?" Kila asubuhi nilijipima kiuno kwa futi ya kushonea. Kilikuwa kinapungua. Nikaona hakuna shida, upasuaji unafanya kazi.

Mama mkwe aliondoka, lakini kutapika hakukuondoka. Wiki ya sita nilirudi kwenye cherehani. Lile kopo la vifungo lilikuwa palepale. Sikulifungua. Kiuno kinashuka, vidonge vya nini tena?

Wenzangu walishika midomo. "Bonge kaisha!" Kisha nikawasikia wakinong'ona penye meza ya kukatia. "Huyu ana ugonjwa. Anaficha tu." Nilipokuwa mnene walinicheka. Nilipokonda wakanizika. Mtu afanye nini ili aachwe apumue?

Miguu ilianza kufa ganzi. Nilikanyaga pedali bila kuisikia. Kisha ganzi ikapanda mikononi. Kutunga uzi kwenye sindano, kazi niliyoifanya miaka ishirini nikiwa napiga soga, sasa ilinichukua muda mrefu. Nilisema ni uchovu.

Siku moja alikuja muuguzi, mteja wetu wa zamani. Alitaka sare yake ibanwe kiunoni. Nilikuwa nashona huku tunaongea. Ghafla akapiga kelele.

"Dada! Toa mguu kwenye pedali!"

Nikatazama chini. Sindano ilikuwa imepita katikati ya kidole changu. Kitambaa cheupe kilikuwa chekundu. Sikusikia chochote.

Alizungusha gurudumu taratibu, akakitoa kidole, akakifunga. Kisha akasema, "Fumba macho. Niambie nagusa kidole gani."

Nikafumba. Nikangoja. "Hujanigusa bado."

"Nimegusa vitatu," akasema.

Wenzangu walikuwa wameacha kushona.

"Ulifanyiwa nini hospitali?"

"Nyongo."

"Nyongo haifanyi hivi. Unatapika?"

"Kila siku."

"Tangu lini?"

Nikainamia kidole changu kilichofungwa. Alishusha sauti. "Dada, mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi sikusengenyi. Nataka kuokoa mikono yako."

Mikono yangu! Hiyo ndiyo iliyolipa karo za wanangu. Hicho ndicho kitu pekee ambacho watu hawakuwahi kukicheka. Nikasema kwa sauti, wote wasikie, "Nilipunguzwa tumbo! Sikutolewa nyongo. Nilipunguzwa tumbo kwa sababu sukari ilikuwa inaniua, na nikaogopa midomo yenu!"

Hakuna aliyecheka.

Muuguzi alinipeleka hospitali saa ileile, akiwa na sare isiyokwisha begani. Waliniwekea vitamini kwa njia ya mshipa. Baadaye alikaa kando ya kitanda, nikamsimulia yote, naye akanieleza pole pole.

"Tumbo lako sasa ni dogo. Kinachoingia ni kidogo, na hicho kidogo ulikuwa unakitapika. Mishipa ya fahamu inahitaji vitamini, hasa ile inayoitwa B1. Ikikosa, mikono na miguu hufa ganzi. Wengine huchanganyikiwa hata akili. Na ile nyama ya siku ya kumi! Wewe ni fundi. Mshono mpya unauvuta?"

"Siuvuti. Unaachia."

"Basi wa tumboni nao ulikuwa mpya. Una bahati haukuachia. Ungeachia, ungepata homa, maumivu makali, moyo kwenda mbio, na ungeweza kufa."

"Nitashona tena?"

Hakunidanganya. "Wengi wakitibiwa mapema hupona. Wewe umechelewa kidogo. Tutaona."

Nililala pale nikiikunja na kuikunjua mikono yangu. Mume wangu alipofika, sikungoja salamu.

"Ulinionea aibu," nilimwambia.

"Hapana. Niliogopa midomo ya watu."

"Midomo hiyo imekaribia kunila vidole. Na wewe ulikuwepo mezani. Uliangalia sakafu."

Akatoka, na aliporudi alikuwa na mama yake na dada yake. Alisimama miguuni pa kitanda akawaambia yote mwenyewe. Safari hii hakuangalia sakafu.

Mama mkwe alishika kichwa. "Kumbe nilikuwa nakuumiza na mwiko wangu!"

"Hukujua, mama."

"Ningejua vipi? Mngeniambia!" Sasa alikuwa amekasirika kweli. "Nimelea watoto sita na wajukuu kumi na mmoja. Nishindwe kumpondea mtu viazi? Mlinifanya mjinga ndani ya nyumba ya mwanangu!"

Alikuwa na haki. Hilo sikuwa nimelifikiria. Tulimficha ukweli yule ambaye angenisaidia kuliko wote.

Wifi naye hakuweza kujizuia. "Lakini wifi, si ungepunguza kula tu? Si umepita njia ya mkato?"

Nikainuka kwenye mto. "Njia ya mkato? Nimetobolewa tumbo matundu matano. Nimekunywa maji kwa funda kama kifaranga. Nitameza vidonge mpaka siku ya kufa. Ukikata kidole ukaenda kushonwa, nani anakwambia umepita njia ya mkato? Kisukari ni ugonjwa, na unene wangu ulikuwa ugonjwa. Nilikwenda kutibiwa. Basi!"

"Nyamaza wewe," mama mkwe akamwambia binti yake. "Nenda kanunue kisahani kidogo."

Tangu siku hiyo mambo yalibadilika. Mama mkwe alikuja na kisahani na saa ya mkononi. Nilianza na vinywaji tena, kisha vyakula laini. Muuguzi alimfundisha, naye akatufundisha sote kama vile ni yeye aliyesomea.

"Yai au samaki au maharage yaliyopondwa kwanza," alisema. "Hivyo ndivyo vinavyojenga mwili. Viazi baadaye, kama nafasi ipo. Tafuna! Unakimbilia wapi? Hapana, maji usiguse sasa. Nusu saa baada ya kula."

"Mama, hiki ni kijiko cha tatu tu."

"Haba na haba hujaza kibaba. Na kibaba chako siku hizi kinajaa upesi. Ukishiba, acha."

"Na chakula kikibaki kwenye sahani?"

Alivuta pumzi ndefu. "Kirudi jikoni," alisema. Najua ilimgharimu.

Vidonge vilitoka kwenye kopo la vifungo vikakaa mezani, kando ya chumvi. Atakayetaka kusoma, asome. Kliniki sikukosa tena. Daktari ndiye aliyenipunguzia dawa za sukari, baada ya kupima damu. Sikujipunguzia mwenyewe. Kila jioni mimi na mume wangu tulitembea mpaka mwisho wa barabara na kurudi.

Mikono haikupona kwa siku moja. Miezi miwili ya kwanza nilikata vitambaa tu, na wenzangu walinishonea. Mwezi wa tatu nilianza kusikia joto la chai kwenye vidole. Mwezi wa tano nilichukua sindano, nikalamba ncha ya uzi, nikautunga mara moja. Niliuvuta, nikautunga tena, kuhakikisha. Nyayo za miguu bado zina ganzi kidogo. Muuguzi anasema huenda ikabaki. Ganzi hiyo ni ya nyongo yangu ya uongo.

Kazini, aliyeniita Bonge sikumwitikia. Waliita siku ya kwanza. Waliita siku ya pili. Siku ya tatu sare za shule nzima zilikuwa zinasubiri nikate mimi, na hapakuwa na njia. Wakaniita Fundi. Nikageuka.

"Enhe? Mnasemaje?"

Wiki iliyopita alikuja mwanamke mmoja. Alipanda zile ngazi tatu akisimama kila ngazi. Ni mnene kuliko nilivyokuwa. Mmoja wa wenzangu alifungua mdomo ili acheke. Nikamtazama, akaufunga.

Nilimvutia kile kiti changu cha chuma. "Kaa, dada. Hiki hakivunjiki."

Akakaa, akapumua. Aliangalia huku na huku.

"Nimesikia ulifanyiwa kile kitu," alinong'ona. "Mimi nina sukari. Daktari ameniambia nifikirie. Kwetu hawajui. Naomba tuongee kidogo, ila tufunge mlango."

Nilimtazama mikono. Alikuwa anavivunjavunja vidole vyake kwa wasiwasi. Hasira zote zikanirudia, si juu yake.

"Nitakwambia kila kitu," nilimjibu, na sikunong'ona. "Lakini mlango tuuache wazi. Hatujaiba kitu."